Shanga za maua za Misri ya kale: je, zilichongwa, zilifinyangwa au zilitiwa kwenye kalibu?

Mtungaji wa Ngara

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mtungaji wa shanga, nina kibanda Ngara, na riziki yangu hutoka kwenye vidani, bangili na hereni za shanga za kioo. Wiki iliyopita alinijia bibi harusi mtarajiwa akiwa na picha kwenye simu, picha ya kidani cha Misri ya kale kilichohifadhiwa katika makumbusho moja ya New York, akaniomba nimtungie kinachofanana nacho kabla ya Desemba. Nilikubali upesi kuliko ilivyonipasa, kwa kuwa nilidhani ni shanga za kawaida zilizopangwa kwa mistari. Niliporudi nyumbani nikaikuza ile picha, ndipo nilipoona kwamba shanga za duara ni zile ndogondogo za kujazia nafasi tu. Nyingine zote zina maumbo ya mimea: mstari mmoja una vipande vilivyo kama tende, mwingine una maua madogo ya buluu yaliyochanua juu kama brashi ya kunyolea, na mstari wa nje kabisa una petali ndefu nyeupe ambazo ncha zake zimeguswa rangi ya zambarau.

Kilichonikosesha usingizi ni matundu. Uzi haupiti katikati ya ua. Juu na chini ya kila kipande pamegandishwa kijishanga kidogo sana, mfano wa kishikizo, na uzi unapita humo. Fundi mwenzangu anasema huo ni udongo uliopakwa rangi, na muuza vito mmoja wa mjini ameniapia kwamba ni jiwe la feruzi lililochongwa. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema ni „fayansi”, neno ambalo sijawahi kulisikia sokoni. Naomba mwenye ujuzi anieleze kitu hiki ni nini hasa, kilitengenezwaje, na kama inawezekana kukitengeneza hapa Nairobi.

Mfinyanzi wa Dagoretti

Dada Mtungaji, pole kwa ahadi uliyoitoa, na hongera kwa kuviona hivyo vijishanga vya kushikia, kwa sababu watu wengi huvitazama vidani hivi wasivione kabisa.

Kwanza tuliondoe neno udongo. Fayansi ya Misri haina udongo wa mfinyanzi, au inao kidogo usiostahili kutajwa. Mwili wake ni jiwe la kwatzi lililosagwa, au mchanga mweupe, kiasi cha sehemu 90 au zaidi katika kila 100, ukaongezwa chokaa kidogo, chumvi ya natroni au majivu ya mimea, na shaba kidogo ya kuleta rangi. Jina lenyewe ni la kuazima, tena kwa makosa: Wazungu waliuona ung'aavu wake wakakumbuka vyombo vya mji wa Faenza, Italia, ambavyo ni udongo uliopakwa utando wa kioo wenye madini ya bati, kitu mbali kabisa na hiki. Wamisri wenyewe walikiita *tjehenet*, yaani king'aacho. Muuza vito wako amekosea, ila kosa lake lina asili, kwa kuwa kitu hiki kilibuniwa kifanane na feruzi iliyochimbwa Sinai na mawe mengine ya buluu na kijani ambayo si kila mtu aliweza kuyapata.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Nairobi. Wamisri walichota natroni yao katika Wadi Natrun, magharibi ya delta ya Nile. Sisi tuna Ziwa Magadi, na magadi yale yale ambayo mama zetu hutia kwenye sufuria ya maharagwe yasiyotaka kuiva ni ndugu wa karibu wa natroni, kwa maana zote mbili ni chumvi za sodiamu zinazotokana na maziwa yanayokauka. Malighafi ambayo mfinyanzi wa Ulaya huagiza dukani, wewe unaipata kwa muuza nafaka.

Ukichanganya unga wa kwatzi na maji ya magadi usitarajie kupata kinyunya cha chapati. Utapata donge kaidi: ukiliacha hukaza, ukilitikisa au kulibonyeza hulegea na kutaka kumiminika, na ukijaribu kulikunja hupasuka. Mimi nimefinyanga udongo miaka kumi na tisa, na siku ya kwanza nilipolishika donge hilo nilijiona mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ndiyo sababu maua uliyoyaona hayakufinyangwa kwa vidole wala hayakuchongwa petali moja moja. Yalitiwa kwenye kalibu. Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipochimba Tell el-Amarna, mji wa Farao Akhenaten, mwaka 1891 hadi 1892, alikuta kalibu ndogo za udongo uliochomwa kwa maelfu, nyingine zikiwa na umbo la ua, nyingine zabibu, nyingine petali moja tu. Ni vitufe vya udongo vinavyotosha kiganjani, vyenye shimo upande mmoja. Fundi alikandika donge ndani ya shimo, akasawazisha mgongo kwa kidole, kisha akakitoa kipande. Ukipata picha ya kidani hicho kwa ubavu au kwa nyuma utaona kwamba maua yana uso tu. Mgongo wake ni bapa, kwa kuwa upande huo hulala kifuani mwa mvaaji.

Matundu yaliyokukosesha usingizi yanatokana na udhaifu wa donge hilo. Kulitoboa ua jembamba lililo bichi ni kulivunja. Kwa hiyo vijishanga vya kushikia vilitengenezwa kando, vikagandishwa juu na chini ya ua kwa rojo la mchanganyiko ule ule, vikachomwa pamoja mpaka vikawa kitu kimoja.

Uzuri wenyewe huja wakati wa kukauka. Maji yaliyomo ndani husafiri kuelekea nje yakiwa yamebeba chumvi, na yanapogeuka mvuke huiacha chumvi juu ya kipande kama ukoko mweupe, mfano wa ule unaouona kwenye kingo za Ziwa Magadi wakati wa kiangazi. Kipande kikiingia tanurini, kwenye joto la nyuzi za Selsiasi kati ya 800 na 1,000 hivi, ukoko huo huyeyuka pamoja na kwatzi na shaba iliyo karibu nao, ukawa utando wa kioo. Hakuna aliyeupaka; kipande kimejipaka chenyewe. Kwa hiyo mahali ulipokishika kikiwa kinakauka pataonekana, kwa kuwa kidole huondoa chumvi, na upande kiliolalia hutoka ukiwa hafifu au hauna utando kabisa.

Zilikuwapo njia nyingine mbili. Moja ni kukipaka kipande rojo la utando kabla ya kukichoma, kama tufanyavyo wafinyanzi wa leo. Nyingine ni kukifukia kipande kikavu ndani ya unga wenye majivu, chokaa na shaba, kisha kuchoma vyote pamoja. Kikitoka huwa kinang'aa pande zote wakati unga uliokizunguka umebaki chengachenga. Njia hii ya kufukia ilikutwa ikitumika mjini Qom, Iran, katika miaka ya 1960, mafundi wakitengeneza shanga za buluu za kuwavisha punda. Shanga za duara zinaipenda njia hiyo. Maua bapa ya kwako, nadhani, yanafaa zaidi njia ya ukoko.

Kuhusu rangi sitarefusha. Shaba kwenye chumvi ya sodiamu hutoa buluu ya feruzi. Shaba hiyo hiyo ikikutana na madini ya risasi huelekea kijani. Buluu iliyokoza ilitoka kwa kobalti, zambarau na nyeusi kwa manganizi, na manjano kwa mchanganyiko wa risasi na antimoni. Manjano hiyo usiiguse, dada yangu, maana ni sumu, na bibi harusi wako atakivaa kidani juu ya ngozi. Usisage kwatzi bila barakoa pia. Vumbi lake huharibu mapafu, na halitoki.

Kijana wa Kemia

Naomba kutofautiana kidogo na Mfinyanzi. Mchanga, chumvi ya sodiamu na chokaa ndiyo malighafi ya kioo cha dirisha. Ikiwa viambato ni vile vile na joto linayeyusha, kwa nini tusiseme wazi kwamba hizi ni shanga za kioo, dada akanunua za kioo dukani na kazi ikaisha?

Mfinyanzi wa Dagoretti

Hoja yako ni ya haki kwa upande wa viambato, bwana mdogo, lakini si kwa upande wa matokeo. Kwenye kioo, vyote vimeyeyuka vikawa kimiminika kisha vikaganda. Kwenye fayansi, kilichoyeyuka ni ngozi ya juu na viunganishi vichache vya ndani. Chembe za kwatzi zimebaki chembe. Chukua ushanga wa fayansi uliovunjika utazame pale ulipokatika: ndani utaona weupe wa chengachenga kama sukari iliyoshikana, na pembeni mstari mwembamba wa buluu. Ushanga wa kioo ukivunjika huwa rangi moja mpaka moyoni. Hata umri wao ni tofauti, kwa sababu fayansi ilikuwapo Misri tangu kabla ya mafarao, katika milenia ya nne KK, ilhali utengenezaji wa kioo haukushika mizizi huko mpaka kama mwaka 1500 KK.

Akinunua za kioo atapata kidani kizuri, sikatai. Ila mwanga hupenya kwenye kioo, na kwenye fayansi hurudishwa na ule weupe wa ndani, ndiyo maana buluu yake inaonekana kama ina taa nyuma yake.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma maelezo ya Mfinyanzi kwa furaha, nami naomba kuongeza upande ambao hajaugusa, nao ni kwa nini maua.

Kabla ya kuwa vya fayansi, vidani hivi vilikuwa maua ya kweli. Wamisri wa Ufalme Mpya, enzi ya mafarao kama Akhenaten na Tutankhamun, walivishana mashada shingoni katika karamu, na michoro ya makaburini inawaonyesha wageni wakiwa wameketi na mashada yao, wengine wakinusa yungiyungi. Kwa bahati, mashada yenyewe yapo. Mwishoni mwa mwaka 1907, wafanyakazi wa Mmarekani Theodore Davis walifukua shimo lililojaa mitungi mikubwa katika Bonde la Wafalme, yaliko makaburi ya mafarao, na ndani yake mlikuwa na masalio ya shughuli za maziko ya Tutankhamun. Humo mlikuwa na mashada ya shingoni yaliyoshonewa juu ya karatasi ya mafunjo: majani ya mzeituni, maua ya buluu ya yale yanayoota katika mashamba ya ngano, vitunda vyekundu, na katikati yake shanga ndogo za fayansi ya buluu. Machache yaliyosalia yako katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, tangu mwaka 1909, na Herbert Winlock, mtaalamu wa Misri ya kale, ndiye aliyechapisha maelezo yake mwaka 1941.

Tazama basi jambo hilo: shada la maua halisi lina shanga za fayansi ndani yake, na kidani cha fayansi kina maua. Aliyekulia Mombasa au Lamu atalielewa hili bila kufundishwa. Mama yangu alivaa kikuba cha asumini na rihani kila jioni ya harusi, na kufikia alfajiri kilikuwa kimenywea na kubadilika rangi, harufu tu ndiyo iliyobaki kwenye nguo. Fundi wa Amarna alilichukua shada la namna hiyo, mstari kwa mstari, akaligeuza kuwa kitu ambacho kingeamka asubuhi kikiwa vile vile. Hakubuni mpangilio mpya. Mistari aliyoiona Dada Mtungaji kwenye picha ni mistari ya mshona maua.

Kuhusu mimea yenyewe, petali ndefu ni za yungiyungi, na yungiyungi la buluu lilikuwa na heshima ya pekee kwa kuwa hufunguka asubuhi na kujifunga baadaye mchana, wakalifananisha na jua na kuzaliwa upya. Mayungiyungi ya buluu ya jamii hiyo huota hata katika maziwa na mabwawa yetu hapa Kenya, kwa hiyo dada anaweza kuitazama petali yenyewe kabla ya kuchonga kalibu. Mara nyingi utakuta pia vitunda vya manjano vilivyotokeza kikonyo. Hivyo ni lile tunda ambalo Biblia ya Kiswahili inaliita tunguja katika habari za Raheli na Lea, nalo lilihusishwa na mapenzi na uzazi. Kwa kidani cha bibi harusi sidhani kama kuna pambo linalofaa zaidi, ingawa kwa onyo la Mfinyanzi kuhusu manjano, tunguja zake itabidi ziwe za rangi nyingine.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu najua litazuka: tafadhali tusianze kusema kwamba kidani kipana cha Wamaasai kimetokana na cha Wamisri. Vyote viwili ni vipana na vinalala mabegani, lakini shanga za kioo za Wamaasai zilikuja kwa biashara kutoka pwani, na hiyo ni historia nyingine kabisa. Atakayetaka fayansi iliyo karibu nasi aende Kerma, Sudan, ambako mafundi wa Nubia waliitengeneza kwa wingi na kwa ustadi wao wenyewe.

Mpenda Vikale

Kwa nini dada ahangaike? Nilipokuwa Cairo nilinunua mikufu mitatu ya shanga za kale za buluu sokoni Khan el-Khalili. Naweza kumuuzia mmoja auvunje achukue shanga.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu yangu, ama zako ni za juzi na umeuziwa kwa bei ya kale, ama ni za kale kweli na hukupaswa kuzitoa nchini humo, kwa kuwa sheria namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vikale nchini Misri. Nami niliwahi kuangukia mtego huo: mfanyabiashara mmoja aliniuzia mkufu „wa kaburini”, na ulipokatika nikakuta uzi wa nailoni. Hata pale shanga zinapokuwa za kweli, nyingi ni vijibomba vilivyotoka kwenye nyavu za shanga zilizofunika maiti, vikatungwa upya kwa mpangilio ambao hakuna Mmisri wa kale aliyewahi kuuona.

Mtungaji wa Ngara

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo. Bwana wa Cairo, mikufu yako nakuachia wewe mwenyewe.

Tangu juzi nimefanya jaribio dogo mezani. Nilipata unga wa kwatzi kwa jirani anayeuza vifaa vya ufinyanzi, nikautia magadi yaliyotwangwa na kuchujwa, na chokaa ya kubana kwa vidole viwili. Shaba sikuwa nayo, ila nilikumbuka mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ambao baba alikuwa akinyunyizia nyanya. Niliuyeyusha kwenye maji, nikamimina maji ya magadi juu yake, ukajitenga unga wa buluu ya kijani ambao niliuchuja kwa kitambaa na kuuanika. Vyombo nilivyotumia nimevitenga, havirudi jikoni. Kalibu nilichonga kwenye donge la udongo, petali moja ya yungiyungi yenye urefu wa kama ukucha wa kidole gumba, nikaichoma kwa jiko la makaa.

Donge ni kaidi kama nilivyoambiwa. Petali kumi na nne za kwanza zilibaki ndani ya kalibu, nikazikwangua kwa sindano. Kisha nilijaribu kuipaka kalibu majivu makavu kwa brashi, na petali ya kumi na tano ikatoka nzima. Niliiweka dirishani kwenye kisahani. Leo asubuhi ina ukoko mweupe kama kwamba imenyunyiziwa chumvi ya mezani, isipokuwa alama moja safi ya kidole changu, hapo nilipoishika kwa ubavu. Nimeitazama muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu chochote nilichokwisha kuuza.

Yamebaki mawili. La kwanza, vijishanga vya kushikia: kila nikitoboa kwa sindano vinapasuka. La pili, nikitunga mistari mitano kidani kitakuwa kizito, na nahofia kitamvuta mvaaji mbele.

Mfinyanzi wa Dagoretti

Alama hiyo ya kidole usiisikitikie. Zipo zinazofanana nayo kwenye makumbusho.

Kijishanga usikitoboe. Chukua unyasi mkavu, au chelewa nyembamba uliyoichomoa kwenye fagio, ulivishe donge jembamba kama unavyopaka nyama kwenye kijiti cha mshikaki, kisha ulikate kwa wembe vipande vya milimita mbili mbili kabla halijakauka. Vikiwa bado na kijiti ndani, vigandishe kwenye petali kwa rojo. Kijiti kitaungua tanurini na tundu litabaki. Wamisri nao waliziviringisha shanga zao juu ya vitu vinavyoungua.

Uzito walishautatua. Kila upande kidani kina kipande bapa cha kukusanyia nyuzi, mara nyingi chenye umbo la yungiyungi, kikiwa na matundu mengi kwenye ukingo mmoja, tundu moja kwa kila mstari, na tundu moja upande wa pili. Vidani vizito vilifungwa pia kipande cha kusawazisha kilichoning'inia mgongoni. Kichonge kwa mbao ukitaka, hakuna atakayekiona bibi harusi akiwa amevaa shela.

Tanuri langu nitaliwasha Alhamisi ijayo, kwa nyuzi 920. Leta petali zisizopungua ishirini ndani ya sanduku la viatu lenye pamba, zikiwa zimekauka siku tatu, na uzibebe wewe mwenyewe kwenye matatu, usimpe mtu wa bodaboda.

Mtungaji wa Ngara

Ninazo kumi na sita. Nitazifikisha ishirini na tano kufikia Jumatano.